Simu Haiioni Printa: Kutafuta Hitilafu ya Kuprinti Bila Waya Ofisini

Ukipita kwenye ofisi za Mbeya, Iringa au Njombe siku hizi, utakuta kompyuta ni moja na simu ni kumi. Mwalimu ana kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha kikagawiwa shuleni. Mhasibu wa SACCOS anapokea nyaraka zote kwa WhatsApp. Mfamasia anaweka orodha ya dawa kwenye simu. Printa iko moja, kwenye kona, na kila mmoja anataka kuprinti kutoka alipokaa.

Printa ikigoma, watu huanza na hatua iliyopaswa kuwa ya mwisho: wanairudisha ilivyotoka kiwandani. Hapo tatizo la dakika tano linageuka kuwa la siku nzima, maana printa iliyofutwa imepoteza hata waifai iliyokuwa imeishika. Naomba usifanye hivyo. Kazi inayotoka kwenye simu inapita sehemu nne: simu yenyewe, ruta (kifaa kinachorusha waifai), printa, halafu karatasi. Kilichokatika ni kimojawapo, na dalili unayoiona ndiyo inayokuonyesha ni kipi. Soma dalili kwanza, mkono ufuate baadaye.

Kwanza ondoa hili: kuprinti hakuhitaji bando

Nimeona ofisi nzima ikisubiri mtu arudi na vocha ili waprinti barua moja. Hakuna haja. Printa ikiwa chumba kimoja na simu, data haitoki nje ya jengo. iPhone na iPad hutumia AirPrint, iliyoletwa na Apple mwaka 2010. Simu na vishikwambi vya Android kuanzia toleo la 8, lililotoka 2017, huja na huduma yake ya kuchapisha, iliyotokana na kazi ya Mopria, muungano ulioanzishwa 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox. Zote zinafanya kazi hata kama ruta haina bando hata kidogo.

Ila bando likiisha kuna mtego. Simu nyingi za Android zikigundua kwamba waifai haina intaneti, zinahamia kimya kimya kwenye data ya laini. Wewe unaona bado umeunganishwa, kumbe simu imeshageukia mnara wa nje na printa imeachwa ndani. Zima data ya simu, jaribu tena. Simu ikikuuliza kama unataka kubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Na kama umeweka VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri, izime kwa muda huo huo. VPN nyingi hukata njia ya kufikia vifaa vilivyo karibu.

Vinavyohitaji intaneti kweli ni viwili: kutuma kazi kwa anwani ya barua pepe ya printa, na baadhi ya programu za watengenezaji zinazokutaka uingie kwa akaunti kwanza. Huduma ya Google Cloud Print ilifungwa mwishoni mwa 2020. Ukikutana na maelekezo yanayokupeleka huko, achana nayo.

Dalili: printa haionekani kabisa kwenye simu

Hii ndiyo inayoleta simu nyingi kwa mafundi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Usiulize "umeunganisha waifai?" Kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza "waifai ipi?" Ofisi ya kawaida ina waifai ya ofisi, ya wageni, hotspoti ya mfanyakazi mmoja, na jina lingine refu linaloanza na DIRECT. Hilo la DIRECT ni mtandao mdogo ambao printa yenyewe inaurusha ili simu iingie moja kwa moja bila ruta. Ni mzuri kwa dharura, lakini aliyeingia huko mara nyingi hupoteza intaneti, na simu nyingine za ofisini hazimwoni. Kama hukukusudia kuutumia, toka urudi kwenye waifai ya ofisi.

Majina yakishafanana, bado usiamini. Toa ripoti ya mtandao kwenye printa. Printa nyingi zina kitufe cha alama ya waifai au herufi i; ukikibonyeza au kukishikilia kwa sekunde chache, inatoa karatasi yenye jina la mtandao na anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa ndani ya mtandao. Zenye kioo, tafuta sehemu ya mtandao kwenye menyu. Halafu kwenye simu gusa jina la waifai uone anwani yake. Weka namba hizo mbili pembeni kwa pembeni.

Tuseme printa imeandika 192.168.1.34 na simu 192.168.1.20. Kwenye ruta za kawaida za ofisi, mafungu matatu ya mwanzo yakilingana, vifaa viko mtandao mmoja. Kama simu inasema 192.168.0.20, viko mitandao miwili tofauti hata kama jina la waifai ni lile lile. Na kama printa imeandika namba inayoanza na 169.254, basi imeomba anwani kwenye ruta ikanyimwa, ikajitungia yake.

Sasa fanya jaribio moja ambalo kwangu linazidi mengine yote. Data ya simu ikiwa imezimwa, fungua Chrome au Safari, andika ile anwani ya printa pale juu unapoandikaga tovuti, kisha nenda. Printa karibu zote za waifai zina ukurasa wao mdogo wa ndani. Simu ikikuonya kwamba ukurasa si salama, endelea tu, kwa sababu umeandika mwenyewe anwani ya mashine iliyo mbele yako. Kinachotokea hapo ndicho kinachoamua ufanye nini.

*Ukurasa umefunguka.* Njia ni nzima. Simu inaifikia printa, ila haiisikii ikijitangaza. Printa hutangaza uwepo wake kwa ujumbe unaorushwa kwa vifaa vyote vya mtandao, na ujumbe huo ni mwepesi kupotea njiani. Anza na simu: ingia mipangilio, tafuta sehemu ya kuchapisha, hakikisha huduma imewashwa. Kwenye Android angalia pia ruhusa, kwa sababu programu nyingi za kuprinti hazitafuti kitu mpaka zipewe ruhusa ya mahali ulipo au ya vifaa vilivyo karibu. Kwenye iPhone kuanzia iOS 14, programu ya mtengenezaji huomba ruhusa ya kutazama mtandao wa ndani. Aliyebonyeza hapana siku ile ya kwanza hataiona printa mpaka arudi kwenye mipangilio ya programu hiyo aiwashe.

Kama bado, Android inakuruhusu kuongeza printa kwa kuandika anwani yake ya IP kwenye huduma ya kuchapisha. iPhone haina nafasi hiyo kwenye mipangilio yake ya kawaida, kwa hiyo tumia programu ya mtengenezaji, au ingia kwenye ule ukurasa wa printa uone kama AirPrint imezimwa. Nimeikuta imezimwa kwenye printa mpya kabisa.

*Ukurasa haukufunguka, na namba zinalingana.* Hapa karibu kila mara ni ruta inayotenganisha vifaa. Ruta nyingi zina kipengele kinachoandikwa "AP Isolation" au "Client Isolation". Kikiwashwa, kila kifaa kinaona intaneti tu na hakiwezi kuongea na jirani yake. Kwenye waifai ya wageni huwa kimewashwa tangu mwanzo, na ni sawa kiwe hivyo. Mhamishe mfanyakazi kwenye waifai ya ofisi. Kama ndiyo waifai ya ofisi yenyewe, ingia kwenye ukurasa wa ruta ukizime.

*Namba hazilingani.* Tafuta ruta ya pili. Hadithi huwa moja: ghorofa ya juu haikuwa na mtandao mzuri, mtu akanunua ruta nyingine, akaipa jina na neno la siri lile lile, akachomeka waya kutoka ruta ya kwanza kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti) la ruta ya pili. Intaneti ikapatikana, kila mtu akafurahi. Lakini ruta ya pili imeunda mtandao wake nyuma ya ule wa kwanza, na aliye chini haioni printa ya juu. Ibadilishe ruta ya pili iwe kirushaji tu. Nyingi zina chaguo la "Access Point". Isipokuwa nalo, ipe anwani isiyogongana na ya ruta ya kwanza, zima ugawaji wake wa anwani, yaani DHCP, halafu hamishia waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani). Baada ya hapo jengo zima linakuwa mtandao mmoja.

Ile 169.254 nayo: zima ruta na printa, washa ruta kwanza. Ikijirudia, hesabu vifaa vilivyounganishwa. Ruta ndogo za mfukoni zina kikomo cha vifaa, na kikomo hicho huandikwa kwenye boksi. Ofisi yenye watu wanane, kila mmoja na simu mbili, inakijaza kabla printa haijaamka.

Dalili: printa inakataa kuingia kwenye waifai

Neno la siri ni sahihi, umeliandika polepole, na bado inakataa. Printa nyingi za bei ya kawaida zinashika masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ikiwa inarusha 5 GHz tu, printa haioni kitu. Ikiwa inarusha yote mawili kwa majina mawili, weka simu kwenye jina la 2.4 wakati wa kuunganisha printa. Ukishamaliza unaweza kurudi kwenye lile jingine, maana kwa kawaida yote mawili ni mtandao mmoja ndani ya ruta. Masafa ya 2.4 yana faida nyingine kwetu: yanapenya ukuta vizuri zaidi. Ofisi zilizojengwa kwa tofali za kuchoma, au zile za zamani zenye kuta nene katikati ya mji wa Iringa, hunyonya mawimbi mpaka printa iliyo chumba cha tatu inabaki na kijistari kimoja. Kabla hujanunua chochote, isogeze printa au ruta mita chache, utoe hata kabati la chuma lililo katikati yao.

Ulinzi wa ruta nao huleta shida. Ruta mpya ikiwekwa kwenye WPA3 pekee, yaani aina mpya ya ulinzi wa waifai, printa ya zamani haitaingia. Weka WPA2, iliyoitangulia, au mchanganyiko wa zote mbili. Ruta ikichagua yenyewe chaneli ya 12 au 13, kuna printa ambazo haziioni. Weka 1, 6 au 11. Na waifai inayokupeleka kwenye ukurasa wa kujisajili kabla ya kutumia, kama za hosteli na hoteli, haifai kwa printa. Printa haiwezi kujaza fomu.

Kama ofisi yenu inaruhusu vifaa kwa anwani ya MAC, yaani namba ambayo kila kifaa hupewa kiwandani, kumbuka kwamba kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya kubuni kwenye kila waifai. Simu iliyosajiliwa mwaka jana inaweza kuonekana ngeni leo. Kwenye mipangilio ya waifai hiyo iambie simu itumie anwani yake halisi.

Dalili: jana ilifanya kazi, umeme ukakatika, leo haipo

Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua zikichanganya na radi, dalili hii huletwa kila wiki. Sababu ni mbili na zote zina dawa ya kudumu.

Ya kwanza ni mpangilio wa kuamka. Umeme ukirudi, printa na ruta vinawaka pamoja. Ruta yenye laini ya simu huchukua dakika moja au mbili kabla haijaanza kurusha waifai. Printa inatafuta, haioni, na baadhi yake zinakata tamaa na kutulia bila mtandao mpaka mtu azizime. Kwa hiyo ruta kwanza, subiri taa ya waifai itulie, ndipo uwashe printa. Ofisi ikiwa na uwezo, nunua betri ndogo ya ruta ili isizimike kabisa. Soma volti kwenye kibandiko cha ruta kwanza, nyingi ni 12 lakini zipo za 9 na za 5. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Sehemu yake ya kuyeyusha tona inapasha moto mpaka karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na inapowaka huvuta umeme mwingi kwa ghafla. UPS itapiga kelele izimike, au ife.

Ya pili ni anwani kubadilika. Ruta hukodisha anwani kwa vifaa kwa muda tu. Ikizimika na kuwaka, printa iliyokuwa .34 inaweza kupewa .41, na simu zilizoongezewa printa kwa kuandika IP zinaendelea kubisha hodi nyumba ambayo mwenyewe amehama. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuitengea printa anwani yake moja kwa kutumia anwani yake ya MAC, ile iliyo kwenye karatasi ya ripoti. Kwenye ruta nyingi kipengele hicho kimeandikwa "Address Reservation". Ni kazi ya dakika kumi, na sijui kwa nini haifanywi siku ile ile printa inapofungwa. Andika anwani hiyo kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha gundi, ubandike ubavuni mwa printa.

Hapo hapo niseme kuhusu kubadilisha ruta. Mkihamia kampuni nyingine ya intaneti, ipeni ruta mpya jina lile lile la waifai na neno la siri lile lile, herufi kwa herufi. Printa, simu na vishikwambi vyote vitarudi vyenyewe, ila ile anwani uliyoitenga itabidi uitenge upya kwenye ruta mpya.

Na kama mtandao wenu ni hotspoti ya simu ya mtu, jueni kwamba akitoka kwenda benki, mtandao umeondoka naye. Kwa ofisi ya kudumu hilo silipendekezi kabisa.

Radi ikianza, chomoa printa na ruta ukutani. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi.

Dalili: kazi imefika, taa inawaka-waka, karatasi haitoki

Printa ina karatasi, simu inasema imetuma, taa ya rangi ya chungwa inawaka na kuzima. Watu wanafungua mfuniko, wanatafuta karatasi iliyokwama, hawaioni. Angalia ukubwa wa karatasi kwenye simu kabla ya kutuma. Programu nyingi zimetengenezwa Marekani, ambako karatasi ya ofisi ni Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, 210 kwa 297. Simu ikituma kazi ya Letter, printa inasubiri mtu aje aweke karatasi ambayo hakuna duka la Mwanjelwa linaloiuza. Ukibonyeza kitufe cha kuendelea, nyingi hukubali kutoa kwenye A4. Lakini tibu chanzo: badilisha kwenye simu iwe A4, na kwenye ukurasa wa printa sema trei ina A4.

Ikiwa si ukubwa, ni foleni. Kazi moja mbovu ikikwama mbele, zote za nyuma zinasubiri, na mtumaji asiyejua anatuma tena mara nne. Futa kazi kwenye simu zote zilizotuma, zima printa, subiri nusu dakika, iwashe. Usipofuta kwenye simu, ikiwaka tu itatoa barua ile ile mara tano na rimu yako itapungua bure.

Dalili: inatoka, lakini siyo ulichokiona kwenye simu

Kwenye steshenari za karibu na vyuo, pale MUST au Mkwawa, mazungumzo haya ni ya kila siku:

"Dada, nimekutumia WhatsApp, niprintie kurasa tatu."

"Mbona zimekuwa tano, mdogo wangu? Na jedwali limekatika."

Faili lilikuwa la Word. Simu haina aina ya herufi iliyotumika kwenye kompyuta ya aliyeandika, ikaweka nyingine iliyo pana zaidi, mistari ikasogea, kurasa zikaongezeka. Aliyeandika alihifadhi kama PDF kabla ya kutuma? Kama hakufanya hivyo, mrudishie afanye. PDF inabeba herufi zake na mpangilio wake popote inapokwenda. Ni jambo la nusu dakika kwake, na linamwokoa na CV iliyovurugika mbele ya mwajiri.

Cheti kilichopigwa picha na kutumwa kama picha ya kawaida ya WhatsApp kinabanwa, na kikitoka kwenye karatasi mhuri hausomeki. Mwambie mteja akitume kama hati, siyo kama picha, au akiskani kwenye simu kwa programu inayotoa PDF.

Kurasa zikitoka zimejaa alama zisizosomeka, mstari mmoja kila ukurasa, zima printa haraka. Simu imetuma kwa lugha ambayo printa haiielewi, mara nyingi kwa sababu aliyeiongeza alichagua aina nyingine ya printa kwenye programu. Ifute kwenye simu, iongeze upya, na uchague jina kamili la mashine lililoandikwa mbele yake, pamoja na herufi za mwisho.

Dalili: karatasi inakwama asubuhi, mchana iko sawa

Tukuyu, Makete na Njombe wanaijua hii. Karatasi inanyonya unyevu wa usiku, na ikipita kwenye joto la printa ya leza inajikunja na kukwama. Usiache trei imejaa usiku kucha. Weka za kutosha siku moja, rimu iliyobaki ifunge kwenye karatasi yake ya nje, na boksi lisikae kwenye sakafu ya sementi. Waya na waifai havihusiki kabisa hapa, ila nimeandika kwa sababu lawama huangukia simu ya aliyetuma.

Printa yenu haina waifai kabisa

Leza ndogo za waya wa USB bado ni nyingi maofisini, na ni mashine imara. Sioni sababu ya kuzitupa. Jina lina maana hapa: HP LaserJet P1102 haina waifai, P1102w inayo. Soma herufi ya mwisho kabla hujapoteza asubuhi kuitafuta kwenye simu.

Njia rahisi ni kuiacha kwenye kompyuta na kukubaliana sehemu moja ya kutuma mafaili. Njia nzuri zaidi, kama kuna mtu anayeweza mfumo wa kompyuta wa Linux, ni kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu ya CUPS: unachomeka printa hapo, nayo inaitangaza kwenye mtandao, na simu za Android na iPhone zinaiona kama printa ya waifai. Inakula umeme kidogo sana, na mtu akishaiseti vizuri haisumbui. Kwanza hakikisha modeli yako inakubaliwa na CUPS, maana si zote.

Karatasi za siri na printa iliyo wazi

Mtu akiweza kuprinti kutoka popote ofisini, karatasi inatoka yeye akiwa mbali. Kwenye zahanati hayo ni majibu ya vipimo. Kwenye ofisi ya mkuu wa shule ni mitihani. Printa kubwa za ofisi zina chaguo la kushikilia kazi mpaka mwenyewe afike na kuweka namba ya siri. Litumie kwa nyaraka za aina hiyo, na kama printa yenu haina, mtumaji asimame mbele ya mashine kabla ya kubonyeza tuma.

Mtandao ule wa DIRECT nao mara nyingi huja na neno la siri rahisi mno, kama 12345678. Aliye dukani mlango wa pili anaweza kuingia na kuprinti kwenye wino wenu. Fungua ukurasa wa printa kwa ile anwani ya IP, badilisha neno hilo, weka neno la siri kwenye ukurasa wenyewe pia, na kama hamtumii DIRECT kabisa, uzime.